Bunduki Aliyonichagulia Baba Mkwe

Bunduki tatu zilikuwa zimelazwa juu ya meza ya jikoni, mitutu ikielekea dirishani, na mama mkwe wangu Hilja alikuwa anakanda unga wa mkate pembeni yake kana kwamba hazipo. Baba mkwe, mzee Urho, alisimama upande wa pili, mikono mfukoni. Alikuwa hajavaa viatu vyake vya msituni tangu Novemba ya mwaka uliotangulia, siku aliyomuua mwanawe Vaino. Vaino alikuwa mume wangu.

"Haya, Doreen," akasema. "Unataka kuwinda elki. Utampiga kwa umbali gani?"

Nikamjibu sijui, ndiyo maana nimekuja kwake.

"Asiyejua umbali hachagui bunduki. Anabeba chuma tu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu mazishi. Nilimtupia jicho Hilja, naye akazidi kukanda, lakini niliona mabega yake yameshuka kidogo, yale mabega aliyokuwa ameyakaza mwaka mzima.

Mpango ule ulikuwa wake yeye Hilja. Mwisho wa kiangazi alinifuata nyumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha Vaino bila kuvua koti, akaniambia mzee anakufa akiwa ameketi. Hali chakula, haonani na watu, kahawa inapoa mbele yake. Risasi zote alikuwa amezitoa ndani ya nyumba na kuzificha kwa dada yake ng'ambo ya mto, maana alikuwa amemkuta mara mbili amesimama mbele ya kabati la bunduki, hafanyi kitu, amesimama tu. Akaniomba nimtafutie mzee kazi. Aliniambia hivi: yeye huyo hajui kukaa bila kazi, mpe kazi yoyote inayohusu msitu, labda ataamka.

Na kazi ilikuwepo. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa, mimi nilipika chakula cha wanafunzi shuleni, na nilikuwa na watoto wawili waliozoea kula nyama ya elki, yule kulungu mkubwa wa kwetu, toka Novemba mpaka majani yachipue. Katika bonde letu, karibu na bahari pale Oregoni, nyumba isiyo na elki ni nyumba yenye msiba, na mimi msiba nilikuwa nao tayari. Nikaenda nikamwambia mzee: nichagulie bunduki, kisha nifundishe.

Msinione mtakatifu. Nilimchukia Urho. Wiki za mwanzo, nikisikia gari lake barabarani nilikuwa nafunga mlango. Kisha chuki ikachoka yenyewe, kwa sababu kila nilipoigeuza sikuona pa kuishikia. Hakuwa mlevi, hakuwa mzembe. Hakumfikiria mwanawe kuwa mnyama, kama wale wapumbavu wa mjini wanaofyatulia kila kinachotikisika. Alifanya kile ambacho wanaume wote wa bonde lile walifanya, na walichofundishwa na baba zao.

Sisi huwinda kwa kuswaga. Msitu wetu ni mzito, mvua hainyamazi, kangaga zinafika kifuani, na kila korongo limejaa vile vimiti vyembamba vinavyopinda na kusukana mpaka mtu hapiti ila kwa kutambaa. Mnyama humwoni mpaka umemkaribia. Basi mmoja anaingia kwa juu akishuka na korongo, bila bunduki, akipaza sauti wakati wote, hoi, hoi, hoi, na mwingine anangoja chini na bunduki, mdomoni mwa korongo. Sauti ile si ya kumtisha elki peke yake. Ni ya kumwambia mwenye bunduki: mimi niko hapa, usielekeze huku.

Vaino alipaza sauti siku ile. Urho alimsikia vizuri kabisa, mbali upande wa kushoto. Dume alisimama upande wa kulia, ndani ya vimiti, bega likionekana kidogo tu. Na Urho alikuwa ameshika ile bunduki yake ya kaliba ya arobaini na tano, ambayo risasi yake ni nene kama kidole gumba na haina haraka. Kila mwanaume wa kwetu angekuapia kwamba risasi ya namna ile haijui kupinda. Vijirisasi vyepesi vya siku hizi, walisema, vikigusa jani vinapotea. Lakini ile nene inapita kichakani kama ng'ombe dume aingiavyo shamba la mahindi. Ndiyo maana walizinunua. Ndiyo maana kila baba alimwachia mwanawe bunduki ya namna ile.

Ilipinda. Iligonga shina moja lenye unene wa mkono wa mtoto, ikaenda kushoto.

Sherifu, mkuu wa polisi wa kwetu, alikuja, akapima, akaliona lile shina, akaandika kuwa ni ajali. Watu wakaleta keki na samaki wa kuokwa. Hakuna aliyemlaumu Urho, wala hakuna aliyeilaumu risasi. Wote walisema ni bahati mbaya ya shina lile. Nadhani kama angepatikana mtu mmoja wa kumtukana mzee hadharani, angepumua.

Kwa hiyo tukaanza na umbali. Urho alinipeleka uani, akanisimamisha kwenye mlango wa sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, akaniambia nitazame banda la kuni. Huko ndiko utakakomwona elki wako, akasema, si mbali zaidi ya hapo. Zile bunduki za watu wa nyanda kavu, zinazopiga ng'ambo ya bonde zima, sisi ni za nini? Risasi ya kasi mno ikimpiga mnyama wa karibu inapasuka mapema, inaharibu nyama, na dume anakimbia na donda kubwa lisilofika moyoni. Anakwenda kufia mahali ambapo hata kunguru hampati.

Kisha akanieleza zile tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Hilja, ya thelathini-thelathini, nyepesi, ya kubeba kwa mkono mmoja ukipenda. Kwa kulungu wadogo inatosha. Dume wa elki ana uzito wa ng'ombe na mfupa wa bega ulio mgumu kama jiwe. Labda ungemuua, labda ungemfuata siku mbili. Ya pili ilikuwa ya Vaino, kaliba ya tatu-sifuri-nane, yenye komeo la kuvuta kwa mkono kila ukipiga, ambayo wazee walimcheka alipoinunua kwa sababu eti ni ya askari. Ya tatu ilikuwa hiyo ya arobaini na tano. Sherifu alikuwa ameirudisha majira ya kuchipua, na Urho aliipokea akaifungia kabatini.

Tulitumia wiki nyingi kwenye jambo hilo. Hilja alizirudisha risasi, chache chache, akimpa mzee kwa mkono wake. Urho alilowesha magazeti ya zamani kwenye pipa, akayafunga mafurushi, akayapanga safu mbele ya gogo kubwa. Magazeti yaliyolowa, alisema, hayatofautiani sana na nyama. Nikapiga kwa bunduki ya Vaino, tukaenda tukafungua: risasi iliingia, ikachanua kama uyoga, ikabaki furushi la nne. Nikapiga kwa ile nene. Ilinisukuma nikarudi hatua nzima. Ilipita mafurushi yote, na Urho akachukua shoka, akachimba kwenye gogo nyuma yake, akaitoa ikiwa bado ina umbo lake.

Aliiweka kiganjani pangu. "Hii haimpiti mnyama tu," akasema. "Inampita na safari yake inaendelea. Siku zote jiulize kuna nini nyuma yake."

Nakumbuka nilimtazama usoni aliposema hivyo. Hakuyakwepa macho yangu.

Alianza kula. Hilja alinipigia simu kuniambia ameomba supu mara ya pili, na sauti yake ilikuwa ya msichana. Mzee alinyoa ndevu. Siku moja alikwenda mwenyewe dukani kwa Lester kununua mafuta ya bunduki, nami nikamsindikiza. Lester, mwenye mdomo usio na breki, akamwuliza kama sasa anafundisha wajane kazi za wanaume. Wote dukani wakageuka. Urho akamtazama taratibu.

"Huyu hajui kitu na anajua kwamba hajui," akamwambia. "Wewe, Lester, unajua kila kitu isipokuwa kulenga."

Watu wakacheka, wakamgongagonga mgongoni, na hata mimi nikacheka mpaka nikatokwa machozi. Njiani kurudi nilifurahi sana. Niliwaza: tumempata, mzee amerudi.

Na katika muda wote huo sikuwa na shaka atanichagulia bunduki gani. Ya Vaino niliipiga vizuri. Haikuniumiza bega, niliweka matundu yangu karibu karibu mpaka Urho akanung'unika, na kwake kunung'unika ndiyo sifa. Nilishaanza kuiita yangu.

Jumamosi ya kuamkia msimu wa kuwinda nilikwenda kuichukua. Hilja alikuwa tena kwenye unga wake. Urho akafungua kabati, akanitolea ile ya arobaini na tano. Kitako chake alikuwa amekishonea ngozi ya kondoo ili nisiumie.

"Hii," akasema.

"Baba, hii?"

"Kwa kichaka kile, ni hii. Elki akipigwa na hii haendi popote."

Nikamwuliza vipi kuhusu mambo yote tuliyoyapima, na mafurushi, na ile ya Vaino. Akasema kupima ni kupima na msitu ni msitu. Nikamgeukia Hilja anisaidie. Alikuwa ametugeuzia mgongo, mikono yake imezama katika unga, na hakugeuka. Nikajiambia labda mzee anataka bunduki ile ifanye kazi njema mbele ya macho yake, imtoke rohoni. Sisi watu tukitaka kumpa mtu heshima tunajitungia sababu zake wenyewe. Nikaichukua.

Asubuhi tukaenda korongo lile lile alikofia Vaino. Nilitaka tuende kwingine, naye akasema elki hawahami kwa ajili ya msiba wetu. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyo na sauti. Alinipeleka mdomoni mwa korongo, akanionyesha pa kukaa, kati ya visiki viwili vikubwa, na mbele yangu uwazi mdogo ambapo njia ya wanyama inatokea. Yeye atapanda kwa nyuma ya kilima, kisha ataswaga kushuka. Nikampa kofia nyekundu ya Vaino aivae. Akashukuru, akaitia mfukoni. Alikuwa amevaa koti lake la sufu la rangi ya udongo.

"Ukiliona bega, piga," akaniambia. "Usingoje."

Wiki zote alizonifundisha, neno lake lilikuwa ngoja. Ngoja umsikie mswagaji, ngoja ujue yuko wapi. Lakini baridi ilikuwa imeniingia vidoleni, na nilikuwa na hofu ya kukosa, na neno lile likanipita.

Nikamsikia. Hoi, hoi, kutoka juu, sauti kavu ya mzee. Ikashuka, ikakaribia. Kisha ikakatika. Nikangoja irudi. Matone yalianguka kutoka kwenye misonobari, na zaidi ya hayo hapakuwa na kitu. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Dume akatokea. Alitoka kichakani akatembea hatua chache, akasimama ubavu, pembe zake zimebeba kangaga alizoziparura njiani. Mvuke ulimtoka puani. Bega lote lilikuwa wazi, karibu kuliko banda la kuni lilivyokuwa na sauna. Nikainua bunduki, nikavuta nyuma kwa kidole gumba nyundo yake ya kugongea risasi, na ile ngozi ya kondoo ikakaa laini begani.

Nyuma ya dume, kwenye vimiti, kulikuwa na rangi ya udongo iliyosimama wima.

Siwezi kusema nilifikiri. Mambo yalikuja yote kwa pamoja. Sauti iliyokatika. Kofia mfukoni. Usingoje. Gogo lile na shoka lile. Alikuwa amezijaribu bunduki zote tatu kwa mikono yangu, kwa uangalifu, mpaka akapata ile itakayompita mnyama na kuendelea na safari, kisha akaenda kusimama mwisho wa safari hiyo. Hakuwa akinichagulia mimi.

Niliishusha nyundo polepole, nimeibana kwa kidole gumba isiteleze. Nikaelekeza mtutu ardhini, nikaanza kuvuta mkono ulio chini ya bunduki, ule unaotoa risasi chumbani, na risasi zikaruka moja moja zikaanguka matopeni. Kwa mlio ule dume aliruka, akavunja vichaka, akapotea na nyama yetu ya majira yote. Mzee Urho akabaki pale, mikono imening'inia, ananitazama.

Alikuja mpaka kwenye visiki.

"Mbona hukupiga?"

"Mbona hukuita?"

Maji yalimtiririka usoni, sikujua yapi ya mvua.

"Wewe ndiye uliyenyang'anywa," akasema. "Nikaona kama kuna mwenye haki, ni wewe."

Nikamzaba kofi. Baba mkwe wangu, mtu mwenye mvi, nilimzaba kofi la nguvu zangu zote, na mpaka leo mkono huu haujanisuta.

"Haki gani?" nikamwambia. "Wewe ndiye mtu pekee duniani anayejua uzito wa jambo hili. Mwaka mzima limekukalia kifuani. Halafu ukaona unitwike mimi? Watoto wangu waseme babu alimuua baba, na mama akamuua babu?"

Niliona kwamba hilo hakuliwaza kamwe. Alikuwa ameifikiria risasi mpaka itakapomfikia yeye, na hapo akakoma. Akaketi kwenye kangaga zenye maji, akajifunika uso kwa mikono miwili akalia kwa sauti, bila haya. Sikumbembeleza. Nilikaa juu ya kisiki nikangoja amalize, maana kumwacha peke yake sikuweza, na kumshika pia sikuweza.

Tulirudi nyumbani kwao. Bunduki niliibeba mimi. Hilja alikuwa mlangoni, na aliponiona ninashuka garini, kisha akamwona mzee anashuka upande wa pili, alishika nguzo ya baraza. Urho akampita akaingia ndani bila kuvua viatu.

"Hamkupata?" Hilja akaniuliza.

"Alikuwepo dume. Sikupiga."

Alitazama bunduki mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi, na katika uso ule sikuona mshangao. Hapo ndipo baridi iliponipata kweli, kuliko ile ya korongoni.

"Mama," nikamwambia, "ulijua."

Mikono yake ilikuwa na unga uliokauka kwenye viganja, akawa anausugua.

"Alipoichagua hiyo, nilijua," akasema. "Nimeishi naye miaka mingi, Doreen. Nilijua nikiwa nimewapa mgongo."

"Na ukaniacha niende."

"Nilichoka kumzuia. Usiku nalala na jicho moja, mchana nahesabu visu." Sauti yake haikupanda. "Na kuna asubuhi nyingine, nikimwona anakunywa kahawa, namkumbuka mwanangu, nasema basi, na aende. Nikasema siamui mimi. Ataamua Mungu, na wewe."

Mchuma janga hula na wa kwao; Waswahili waliosema hivyo hawakutaja kwamba wa kwao nao wanaweza kuwa ndio wanaomwandalia sahani. Niliiegemeza bunduki ukutani karibu naye. Nikaingia, nikafungua kabati, nikatoa ya Vaino, nikaondoka.

Siku ya mwisho ya msimu nilikwenda peke yangu, korongo jingine, bila mswagaji. Niliketi toka kulipopambazuka mpaka adhuhuri, nikampata dume mchanga akinywa maji kijitoni, na nyuma yake kulikuwa na ukingo wa udongo mtupu. Risasi moja. Alipiga hatua chache, akalala. Nilimchuna kwa mikono iliyokufa ganzi, nikilia, kwa sababu Vaino ndiye aliyekuwa akishika miguu.

Kwetu ini hupelekwa kwa wazazi siku hiyo hiyo, likiwa bado na joto. Niliwaza kuruka desturi. Nilikaa garini nje ya nyumba yao kitambo kirefu, kifurushi mapajani, kinanichuruzikia damu kwenye suruali. Kisha nikagonga. Hilja akalipokea bila kuniangalia, akalikata, akalikaanga na vitunguu. Urho akaja mezani, akavuta kiti. Tulikula watu watatu, hakuna aliyeinua kichwa. Mzee alipomaliza alichukua kipande cha mkate akafuta mchuzi sahanini, akamsogezea Hilja sahani, akaomba aongezewe. Hilja akaitazama ile sahani. Kisha akainuka, akamwongezea.